Kinywa cha Mama Mkwe

Nilibonyeza Hapana. Ilikuwa Ijumaa alasiri, niko peke yangu katika chumba cha nyuma cha zahanati ya parokia, hapa Kolwezi, simu kumi za wazee zimepangwa mezani zikichajiwa kwa umeme wa jua. Swali kwenye kioo lilikuwa hili: je, una kidonda kinywani ambacho hakijapona kwa wiki mbili? Mwenye simu alikuwa amejibu Ndiyo. Mwenye simu ni mama mzazi wa mke wangu. Na mimi, muuguzi mwenye cheti, mwalimu wa meno wa wazee wa mtaa mzima, niliifuta Ndiyo yake, nikaweka Hapana, somo likageuka kutoka jekundu kuwa kijani, nikanyoosha mgongo na kwenda kunywa chai.

Chai yenyewe ilikuwa tamu. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwamba moyo ulinisuta siku ile, hata kidogo, na sipati kitu. Haukunisuta. Ulianza kunisuta baadaye, wakati kusutwa hakumsaidii mtu.

Mradi ulianza vizuri, na niseme kweli, nilijiona. Wafadhili fulani walituletea simu kumi za kugusa zenye programu ya kuwafundisha wazee usafi wa kinywa: namna ya kupiga mswaki ukiwa umebaki na meno sita tu, kwa nini fizi hutoa damu, tumbaku inafanya nini ndani ya shavu, chai iwe na sukari kiasi gani. Masomo kumi na mawili, moja kwa wiki. Wazee wengi wa mtaa wetu walifanya kazi mgodini au kwenye reli, au waliolewa na watu wa mgodini na wa reli. Walishapimwa mapafu, macho na mgongo. Kinywa hakuna aliyewahi kukiuliza habari. Jino likiuma liling'olewa, basi. Kila Ijumaa simu zilikuja zahanati kuchajiwa na kutuma majibu, kwa sababu umeme wa mtaani hauna ahadi, na kila Jumamosi zilirudi kwa wenyewe.

Programu ilikuja na sauti ya mwanamke anayesema Kiswahili safi cha Pwani. Wazee walimsikiliza kwa adabu, mikono magotini, bila kushika hata nusu. Mmoja wao, dereva wa treni mstaafu aliyezoea kuendesha mabehewa mpaka Dilolo, alinirudishia simu wiki ya kwanza akaniambia, "Ule mama anasema muzuri sana. Lakini anasema na nani?" Nikaomba ruhusa, nikarekodi masomo yote upya kwa Kiswahili chetu, nimejifungia kwenye stoo ya dawa, blanketi kichwani kuzuia ngurumo za malori ya shaba yanayopita barabarani mchana kutwa. Tata, mama, fungula kinywa. Angalia mu kioo. Somo la tisa, lile la vidonda, nililipamba kwa methali: mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Nililisema hilo kwa sauti nzito ya mhubiri, kisha nikajisikiliza mara tatu.

Mwisho wa kila somo palikuwa na maswali, na ukijibu yote somo linakuwa kijani. Lakini jibu la hatari, kama hilo la kidonda, liligeuza somo kuwa jekundu na kufunga somo linalofuata, ingawa mzee aliweza kulirudia lilelile, na hapo sauti yangu ilisema: "Usiogope. Tumesikia. Muganga wako ataangalia, atakupatia jibu." Huyo muganga, yaani muuguzi, alipaswa kumwita mzee, kumwangalia kinywa kwa tochi, na kuandika alichokiona. Nilipewa namba ya siri ya kufungulia somo, na namba hiyohiyo iliweza kusahihisha jibu ambalo mzee alilibonyeza kwa makosa. Hiyo ndiyo iliyoniponza, au niseme ndiyo niliyoitumia vibaya, maana namba haina dhambi.

Wazee wetu kweli walikuwa na makosa yao. Walikuwa na adabu mno. Yule dereva wa treni alijibu Ndiyo kwa kila swali aliloulizwa: ndiyo anatoa damu, ndiyo ana kidonda, ndiyo meno yote yanatikisika, na meno yenyewe hayakuwapo. Nilipomuuliza kulikoni, alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyelelewa vibaya. "Kama mutu anakuuliza na upole vile, utamwambia hapana mu macho yake? Ni adabu gani ile?" Mara ya kwanza nilimwita, nikamulika, nikakuta kinywa kikavu, kisafi, hakina neno. Mara ya pili nikamwita tena. Mara ya tatu nikasahihisha mwenyewe mezani bila kumwita. Baada yake nikamsahihisha bibi mmoja, na mwingine. Nilikuwa nawajua watu wangu, au hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Sasa nimweleze mama mkwe, maana bila yeye hii ni hadithi ya muuguzi mvivu tu, na wavivu tuko wengi.

Alitoka Sandoa baada ya baba mkwe kufariki, akakaa kwenye nyumba ndogo mitaa miwili kutoka kwetu. Mwanamke mrefu, mnyamavu, mwenye kitambaa cheupe kichwani na mazoea ya kuweka tumbaku kidogo nyuma ya mdomo wa chini, upande wa kushoto. Hilo la tumbaku nililijua kwa kuambiwa. Mimi mwenyewe katika miaka kumi na moja ya ndoa sikuwahi kumwona akitafuna. Kwao na kwetu mkwe na mama mkwe wanaoneana haya: hawali pamoja, hawaketi mkeka mmoja, hawatazamani usoni, na mmoja akimwona mwenzake njiani anatoka pembeni mpaka apite. Kuzungumza lazima awepo mtu wa katikati. Ninaweza kusimama hatua tatu kutoka mlangoni pake na kumsikia anamwambia binti yake, akiniita tata, baba kwa heshima, "Mwambie tata aikale," naye mke wangu anageuka na kuniambia, kwa uso mkavu kabisa, niketi. Vijana wa siku hizi wanatucheka. Rafiki yangu mmoja hucheza na mama mkwe wake kwenye harusi mpaka jasho linawatoka. Sisi hatukulelewa hivyo.

Iko njia ya kuipunguza haya hiyo. Mkwe anapeleka mbuzi, wazee wanakusanyika, mama mkwe anakula kipande cha nyama mbele yake, na kuanzia siku hiyo wanaweza kusalimiana kama watu. Nilikuwa nasema mwaka ujao. Kila mwaka nilisema mwaka ujao. Ukweli ni kwamba hali ile ilinifaa, kwa sababu mama mkwe asiyesema nawe hakulaumu kwa lolote.

Mke wangu ndiye aliyemwandikisha kwenye mradi. Juma la kwanza baada ya mimi kurekodi, alirudi kutoka kwa mama yake akicheka peke yake njiani. Mama aliwasha simu, akasikia sauti yangu inasema tata, mama, fungula kinywa, akaizima palepale. Kisha akaiweka juu ya kigoda, akaifunika kwa kitambaa, akaenda kukaa nyuma ya mlango, akamwomba jirani aiwashe. Alilisikiliza somo lote akiwa ameipa simu mgongo, kama ambavyo angefanya ningekuwa nimeingia mwenyewe. "Anasema mukwe yake anaongea mingi kuliko alivyozania," mke wangu aliniambia, na tulicheka mpaka akashika mbavu.

Tulicheka, lakini hakuwa na mfano kwenye lile kundi. Hakukosa wiki hata moja. Alijifunza kubonyeza mwenyewe. Picha ya mtu anayeitikia kwa kichwa ni Ndiyo, ya mtu anayetikisa kichwa ni Hapana, na hakuzichanganya. Mahali panapostahili Hapana, alibonyeza Hapana bila kuona aibu. Hili nililijua. Nililiona kwenye majibu yake kwa wiki nane mfululizo, na lingetosha kunizindua.

Ijumaa ile ya somo la tisa simu yake ilikuja imefungwa kwenye kitambaa safi kama kawaida. Mke wangu aliiweka mezani akaenda sokoni. Jumatatu yake msimamizi wa mradi alikuwa anakuja kutoka Lubumbashi kuangalia kazi yetu na kuchagua nani ataupeleka mradi Kasaji na Kisenge. Alikwishanidokeza kwamba simu zikiwa kijani zote kumi, mtu mwenyewe ni mimi. Nikaziwasha moja moja. Tisa kijani. Ya kumi, ya mama mkwe, nyekundu.

Nilikasirika. Naona aibu kuiandika hiyo, lakini ndiyo hali yenyewe: nilimkasirikia. Nikasema, naye ameanza adabu za yule dereva wa treni. Nikafungua majibu. Programu huonyesha mtu amejibu mara ngapi, na yeye alikuwa amelifungua somo Jumanne akajibu Ndiyo, akalifungua Jumatano akajibu Ndiyo, akalifungua Alhamisi akajibu Ndiyo. Mtu wa adabu hasemi ndiyo siku tatu. Macho yangu yaliliona hilo, na mimi niliyapita macho yangu.

Ningefanya nini? Kumwangalia kinywa mimi siwezi, hata angekubali nisingethubutu. Lakini chumba cha pili alikuwapo muuguzi wa wajawazito, mwanamke mtu mzima, mlango wazi, namsikia anacheka na mtu. Nyumbani kwa mama mkwe ni mwendo wa dakika kumi. Ningemwambia tu, dada, nenda ukanimulikie mama mkwe wangu. Hata hivyo ningelazimika kueleza kwamba kati ya simu kumi, iliyoharibu meza yangu ni ya nyumbani kwangu. Na angekwenda Jumatatu, maana siku ilikuwa inaisha, na Jumatatu msimamizi angekuta nyekundu. Nikaingiza namba ya siri. Sababu ya kusahihisha, programu iliuliza. Nikaandika: makosa ya kidole.

Msimamizi alikuja, akaona kijani kumi, akapiga picha. Wiki iliyofuata nilikuwa njiani kwenda Kasaji, simu nyingine kumi kwenye mfuko, na kiangazi chote kikapita hivyo, pikipiki na vumbi, leo Kasaji, mwezi ujao Kisenge. Sikudanganyi, zilikuwa siku nzuri. Wazee walinitandikia mikeka. Walinisikia kwanza kwenye simu, halafu wakanitazama mdomo kuhakikisha sauti inatoka mlemle. Waliniita mwalimu wa meno, na nilikuwa nikipita sokoni baiskeli zinasimama ili wenyewe wanionyeshe fizi zao. Nilimkuta mzee mmoja Kisenge mwenye kidonda cha kweli chini ya ulimi, nikampandisha lori kesho yake asubuhi kwenda hospitali. Alipona. Nilirudi nyumbani nikaisimulia habari hiyo mezani kwangu, mara mbili.

Mara ya pili ndipo mke wangu aliposema, huku akikusanya sahani, kwamba mama siku hizi hali bukari, ule ugali wetu, anataka uji tu.

"Ni uzee," nikamwambia.

Hili la pili ninaliona baya kuliko la kwanza. Lile la kwanza nilikuwa na haraka. Hili nilikuwa nimekaa, nimeshiba, sina pa kwenda, na neno uji lilitosha kwa muuguzi yeyote.

Mvua za kwanza zilipoanza, mke wangu alikuja zahanati adhuhuri moja bila kubisha hodi. Alikuwa hajavaa hata kilemba. "Mama ananuka kinywa," akasema. "Alikatala, nikamushika kwa nguvu, nikaangalia. Iko shimo, baba. Iko shimo hapa," na akajigusa taya lake la kushoto, chini, pale penye tumbaku.

Daktari wa meno huja zahanati yetu siku mbili kwa wiki, na siku hiyo alikuwapo. Nilisimama nje ya mlango, kama inavyonipasa. Nilisikia kila kitu. Daktari aliuliza kimeanza lini. Mama alijibu kwa sauti ya chini, mke wangu akarudia: kabla ya kiangazi. Daktari akauliza, kwa ukali kidogo, mbona hakumwambia mtu. Kisha nikamsikia mama mkwe mwenyewe, wazi, anasema, "Nilisema."

"Ulisema na nani, mama?" mke wangu akamuuliza. "Mi hukuniambia. Ulisema na nani?"

Nilikuwa nimeegemea ukuta, kichwa karibu na fremu ya mlango, na nilijua kabisa kwamba anajua niko pale.

Alipelekwa Lubumbashi. Walimkata fizi ya kushoto na kipande cha taya, na daktari wa huko alimwambia mke wangu kwamba wangemwona kabla ya kiangazi ingekuwa kazi ndogo, ya kuingia asubuhi na kutoka jioni. Mke wangu alinipigia simu kunieleza hayo. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananieleza kama mtu wa kazi ya afya, ili nimsaidie kuelewa. Nilimsaidia kuelewa. Nilitumia maneno makubwa ya Kifaransa, yeye akasema aksanti.

Wakakaa huko wiki sita, nami nikabaki Kolwezi na zile simu. Nilikuwa nikifika kazini nafungua orodha, natafuta jina lake, somo la tisa, naangalia. Hapana. Makosa ya kidole. Niliwahi kufikiri kuifuta ile sababu, nikaona hiyo itakuwa dhambi juu ya dhambi, nikaiacha. Nikawa siwezi kusikiliza sauti yangu tena. Mzee akiwasha somo mbele yangu natoka nje, najifanya naangalia mvua. Nilihakikisha nimetoka kabla haijafika pale pa atakupatia jibu.

Waliporudi nilimwambia mke wangu. Nilimwambia saa nne asubuhi, jikoni, kwa sababu nilijua nikingoja wakati mzuri hautafika. Alisikiliza akiwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Mikono yake ilisimama, ikaendelea, ikasimama. Kisha akalia, si kwa kelele, na nilipomkaribia akaninyooshea kiganja nisimguse. Siku nne tulikaa ndani ya nyumba moja akizungumza nami mambo ya chumvi na ya mlango tu. Siku ya tano akasema, "Mi siwezi kukusamehe pa nafasi yake. Utaenda utamwambia."

"Nitamwambiaje? Unajua mi na yeye—"

"Najua. Nitakuwa pale. Nitapeleka maneno yako. Lakini maneno yenyewe utaisema weye, moja moja, siyo mi."

Jumapili baada ya misa tukaenda. Mama mkwe alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Mimi nilikalia kigoda uani, nimeipa nyumba mgongo, nikiutazama ukuta wa jirani ambao haujapigwa plasta. Mke wangu alisimama kizingitini, bega moja ndani, bega moja nje. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Nilitaka kuanza na yule dereva wa treni, nieleze jinsi wazee walivyo na adabu, jinsi makosa ya kidole yalivyokuwa mengi. Nikafungua kinywa, na hotuba nikaiona ilivyo, ni utetezi mtupu uliovaa nguo za Jumapili. Nikasema, "Mwambie mama, kile kidonda aliniambia mu simu. Nilikiona. Nilifuta, nikaandika hapana, sababu nilitaka musimamizi anisifu. Ni mi nilimutia mu ile yote."

Mke wangu alipeleka. Hakupunguza hata neno. Nilimsikia akiyasema yote, na kwa sauti yake yalikuwa mabaya zaidi.

Kisha mama mkwe akaanza kuzungumza. Tangu wamkate maneno yake hutoka yamelegea upande mmoja, na mimi sikuyashika. Mke wangu alilazimika kuinama, kusikiliza, na kunirudishia kidogo kidogo.

"Mama anasema, alijua ni weye. Simu ilitoka kwake nyekundu, ikarudi kijani. Nani mwingine?"

Niliinamisha kichwa.

"Anasema, yeye hawezi kukufungulia kinywa. Na mi, alikatala kuniambia, alisema nitalia mu nyumba ya watu. Anasema simu ilisema usiogope, muganga ataangalia, atakupatia jibu. Ilikuwa sauti yako. Njo maana alisema na weye. Siku tatu alisema, ili usizanie ni makosa."

Mke wangu alikuwa anapumua kwa mdomo. Mama aliongeza jambo, refu, na nikasikia mke wangu anamuuliza, "Kweli, mama?" kabla hajageuka kwangu.

"Anasema alikuwa anaogopa sana. Wiki ile hakula. Na Jumamosi simu ikarudi, akaona kijani. Akasema, mukwe yangu ameangalia kwa akili yake ya muganga, amenijibu, hakuna neno. Anasema alicheka peke yake mu nyumba. Alimushukuru Mungu juu yako. Na kila mara kile kidonda kilikuwa kinamuuma baada ya pale, alisema ni bure, mukwe alishajibu."

Nilitaka asimame hapo. Nilikuwa nimekuja kubeba kosa la mtu aliyepuuza, na sasa nilikuwa naambiwa kwamba sikumpuuza, nilimjibu. Alikaa miezi mitano na kile kidonda kwa kutii jibu langu.

"Anasema, njo maana alikutumia ule kuku."

Kuku nilikuwa nimemsahau kabisa. Akanirudia mzima. Ilikuwa Jumapili, siku moja kabla ya msimamizi kufika: bakuli la enameli lenye maua mekundu, limefunikwa, ndani yake kuku mzima kwa mchuzi wa karanga, na mke wangu anasema, mama anasema ni yako, siyo ya batoto, ni yako. Alikuwa na kuku watatu tu, na huyo ndiye aliyekuwa anataga. Mimi nikadhani mama mkwe amesikia habari za Kasaji na ananipongeza. Nikaona ni haki yangu. Nilikula nikiwa nimefungua vifungo vya shati, nikamwambia mke wangu kwamba mama yake anajua kupika ila chumvi imezidi.

Ndani, mama mkwe aliuliza kitu kifupi. Mke wangu hakukipeleka. Alikuwa amegeukia fremu ya mlango, paji la uso juu ya mbao. Ikabidi mama arudie, na safari hii alijitahidi, akayatenganisha maneno moja moja kwa kile kinywa chake kilichokatwa, mpaka mimi mwenyewe kule uani nikamwelewa. Alikuwa anamuuliza binti yake kama siku ile aliniwekea firigisi, kipande cha heshima cha mkwe, au waliila watoto.

"Nilikula mi, mama," nikasema. Sikungoja mtu apeleke.